Ua wa Miti Unaokua Haraka na Kubaki Mbichi Mwaka Mzima Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo ni yale ambayo wenye nyumba wa Kisiwani, Nyali, Kisauni, Bamburi, Likoni na Changamwe huyarudia kila masika yanapokaribia. Yameanza na ya msingi na kuishia kwa yale yanayomkuta mtu mmoja kati ya kumi. Pale jibu moja linapogusa jingine, msomaji ameelekezwa kwa nambari.

## Mambo ya msingi

1. Ua wa miti una faida gani kuliko ukuta?

Ukuta wa mawe humzuia mtu siku ile ile fundi anapomaliza kupiga lipu, ilhali ua hukudai subira ya mwaka mmoja hadi mitatu. Baada ya hapo, hata hivyo, mambo hubadilika. Ukuta hunyonya jua mchana kutwa na kurudisha joto usiku ndani ya kiwanja cha nyumba, na upepo wa kusi ukiupiga huruka juu yake na kuanguka upande wa pili kwa kishindo. Ua wa miti huuchuja upepo, hunasa vumbi la barabarani na kuacha hewa ipite, jambo ambalo mkaazi wa Mombasa hulithamini sana mwezi wa Februari.

Kwa usalama, wengi huchanganya: nguzo na seng'enge hutangulia, kisha miche hupandwa pande zake mbili hadi waya unapomezwa usionekane tena. Huo ndio mpango ninaoupendekeza kwa yeyote ambaye hawezi kuishi miaka miwili na kiwanja kilicho wazi.

2. "Kukua haraka" ni haraka kiasi gani?

Mvinje (Casuarina, mti mrefu wenye majani kama sindano) uliopata udongo na maji unaweza kupita mita mbili kwa mwaka. Mhina hufika kifuani mwa mtu mzima katika mwaka mmoja na nusu hivi ukitunzwa, na mtandamboo huchukua muda mrefu zaidi ya huo. Kabla ya kukimbilia ule wa haraka zaidi, kumbuka kwamba mti unaokua mita mbili kwa mwaka haujui kuwa wewe ulitaka mita mbili tu. Utaendelea, na kila mwezi wa mvua utalazimika kuukata au kumlipa mtu aukate. Kwa kiwanja kidogo cha mjini, mmea wa mwendo wa kati mara nyingi huwa na gharama ndogo kuliko ule unaosifiwa kitaluni.

3. Je, kuna mmea usiopukutisha majani kabisa?

Hakuna. Mimea tunayoiita ya kijani kibichi mwaka mzima hubadilisha majani kidogo kidogo, hivyo haionekani uchi wakati wowote. Tatizo ni mimea inayouzwa kwa sifa hiyo bila kuistahili. Mbono kaburi hubaki vijiti vitupu kiangazi kikikaza, lusina (Leucaena) hukonda, na mwarobaini hupitia majuma machache ya kupukutisha kabla ya kuchipua upya. Hata mhina, ambao nitausifu hapa chini, hupunguza majani ukiachwa bila tone la maji Januari na Februari.

## Kuchagua mmea

4. Nifanye nini kabla ya kwenda kitaluni?

Azima mtarimbo. Tembea kwenye mstari utakaopanda na kila baada ya hatua tatu uchome ardhini kwa nguvu. Ukizama hadi futi moja na nusu, una udongo. Ukilia na kurudi mkononi baada ya sentimita 15, umesimama juu ya matumbawe, na hilo litaamua mengi kuliko picha yoyote uliyoiona kwenye simu. Sehemu kubwa ya kisiwa na ya pwani ya kaskazini na kusini imekaa juu ya mwamba huo, wakati mwingine ukiwa umefunikwa na mchanga mwepesi usioshika maji. Ukielekea Changamwe, Mikindani na Miritini, unakutana na udongo wa mfinyanzi unaofanya kinyume: hutuama maji wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua.

Halafu jiulize mambo mengine matatu: maji ya kunyweshea yatatoka wapi na yana chumvi kiasi gani (swali la 15), bahari iko umbali gani na kama kuna jengo linaloikinga (swali la 7), na ardhini umefukia nini, yaani birika, mabomba na shimo la maji taka (swali la 8). Ukiwa na majibu hayo, orodha ya mimea itajipunguza yenyewe.

5. Mimea ipi hasa inafaa Mombasa?

Kama ningelazimishwa kutaja mmoja kwa nyumba ya kawaida isiyotazamana na bahari, ningetaja mhina, Lawsonia inermis kwa wataalamu, huu huu unaopakwa maharusi mikononi. Huvumilia jua, udongo duni na ukame. Hushika kwa kipande cha tawi. Hukubali kukatwa mara kwa mara bila kununa. Na matawi yake yakikomaa hutoa miiba. Maua yake madogo hunukia hasa jioni. Zaidi ya hayo, majani yanayopunguzwa hayaendi jaani: hukaushwa kivulini, hutwangwa, huchekechwa, na aliye na arusi karibu hutajua alivyoujua mlango wako.

Mvinje unafuata, nao una ushahidi wa wazi karibu na mji. Mwaka 1971, René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alipoanza kuotesha miti katika machimbo ya saruji ya Bamburi, mahali palipokuwa mwamba mtupu wa matumbawe, alijaribu aina 26 za miti na tatu tu zikasalimika: mvinje, mnazi na Conocarpus lancifolius, mti wa asili ya Somalia. Mvinje ulifaulu kwa sababu mizizi yake huishi na vijidudu vinavyochukua naitrojini hewani na kuutilia mti mbolea pale ambapo ardhi haina. Kwa ua hufaa mradi uanze kuukata ungali mchanga, kwa sababu shina lililozeeka likikatwa chini ya majani mabichi huwa halichipui vizuri. Sindano zake pia huziba mifereji ya bati na kuzuia mimea mingine kuota chini yake. Asiyependa kufagia asiupande.

Bogenvilia ni ya anayetaka rangi na miiba kwa pamoja, naye ana waya au nguzo za kuiegemeza, kwani peke yake hulala. Huchanua zaidi ikipewa maji machache, tabia nzuri sana katika mji huu. Mtandamboo ni kichaka chetu cha asili, chenye majani ya kung'aa, maua meupe yenye harufu na matunda madogo ambayo watoto huyajua. Huenda polepole, lakini ukishafunga umefunga.

Duranta na haibiskasi hupendeza na hukua upesi, ila zote mbili ni mimea ya mwenye maji ya uhakika. Ashoka, ule mti mwembamba mrefu unaoshusha majani kama nguo, hufaa kwa anayetaka kuziba dirisha la ghorofa la jirani, wala hautamzuia kuku kupita chini. Kwa shamba kubwa la nje ya mji, mnyaa bado ni ua rahisi kuliko zote, kwa masharti yaliyo katika swali la 9.

6. Nimehamia kutoka bara. Naweza kupanda kayaba au mtarakwa kama wa nyumbani?

Mtarakwa na ndugu zake wanaofanana na mti wa Krismasi ni miti ya baridi ya nyanda za juu. Hapa huishi kwa huzuni: hukauka upande mmoja na kubaki na mashimo ambayo hayazibiki tena. Kayaba inaweza kuota, lakini haina ile kasi na ule unene unaoukumbuka kutoka Kiambu. Ukitaka miiba ya kiasi hicho, chagua mtandamboo au bogenvilia.

7. Kiwanja changu kinatazama bahari. Kwa nini kila ninachopanda huungua upande mmoja?

Hilo ni chumvi inayoletwa na upepo. Kusi huvuma kuanzia Aprili hivi hadi karibu na vuli, na hubeba matone madogo ya maji ya bahari ambayo hukauka juu ya majani na kuyababua kingo. Utaona upande wa bahari umekuwa hudhurungi ilhali upande wa nyumba uko salama.

Mvinje huvumilia hali hiyo vizuri, bogenvilia pia kwa kiasi kikubwa, na yule ndugu wa mtandamboo mwenye matunda makubwa mekundu, Carissa macrocarpa, ni miongoni mwa mimea bora kabisa ya ufuoni. Miche michanga hata ya aina hizo ikingwe kwa makuti yaliyosimamishwa upande wa bahari kwa msimu mmoja, na majani yaoshwe kwa maji matamu baada ya siku za upepo mkali usio na mvua.

8. Ni mimea gani niiepuke hata kama ni bei rahisi?

Faikasi (Ficus, jamii ya mkuyu), kwanza kabisa, ikiwa una birika au bomba karibu. Nasema hivi kwa maumivu. Nilipomaliza nyumba yangu Kisauni, kitalu kimoja kiliniuzia miche 14 kwa maneno kwamba mizizi yake "haiendi mbali", nami nikaipanda mita moja na nusu kutoka kwenye birika. Ua ulikuwa wa kupigiwa mfano. Mwaka wa sita maji yakaanza kupungua usiku bila mtu kuyachota. Fundi alishuka na tochi, akaniita nichungulie: mzizi mwembamba kama kidole gumba ulikuwa umepenya kwenye kiungio cha ukuta, na ndani ya maji umefumuka kama ndevu za mzee, nyekundu na laini, urefu wa mkono mzima. Kulitengeneza birika kuligharimu kuliko ua na miche yake yote mara kadhaa. Mwarobaini na Conocarpus nazo zina mizizi ya kutafuta maji. Ziweke mbali kwa tahadhari ile ile.

Mathenge usiuguse. Ulipandwa pwani na katika maeneo makavu ya Kenya kwa nia njema ya kufunika ardhi tupu, ukageuka magugu yanayomeza malisho na kuwatoboa mifugo. Lusina nayo humwaga mbegu kiasi kwamba ndani ya miaka michache inaota kwa jirani, mtaroni na kwenye nyufa za sakafu.

9. Nina watoto wadogo. Mimea gani ina sumu?

Oleanda na ile ndugu yake ya maua ya manjano yenye umbo la kengele, Thevetia, zina sumu inayoathiri moyo katika kila sehemu ya mmea. Kwa nyumba yenye watoto au mbuzi, hakuna sababu ya kuzipanda. Mbegu za mbono kaburi humtapisha vibaya mtoto anayezidhania karanga. Vitunda vya manjano vya duranta navyo si vya kuliwa, hivyo upogoe mmea kabla havijaiva.

Mnyaa una utomvu mweupe unaochoma ngozi na, ukiingia jichoni, huleta maumivu makali na unaweza kumzuia mtu kuona kwa muda. Anayeukata avae miwani na mikono mirefu, na utomvu ukimrukia aoshe jicho kwa maji mengi safi papo hapo kisha aende hospitali bila kungoja maumivu yapungue yenyewe.

10. Ua wa miiba utawazuia wezi kweli?

Utawachelewesha, na mara nyingi hilo linatosha. Waswahili husema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, na mwenye akili huutazama mchongoma akaenda kwingine. Jina hilo, tukiwa hapo, hutumiwa kwa miti kadhaa tofauti ya miiba, kwa hiyo muuzaji akikwambia ana mchongoma, omba kuuona mti mkubwa wa aina hiyo kabla ya kulipa. Udhaifu wa ua wa miiba uko chini, si juu: pengo la futi mbili kwenye mashina ndilo analopitia mtu, na dawa yake ni kupogoa mapema (swali la 17).

## Kupanda

11. Nipande wakati gani?

Masika yakianza kushika, kwa kawaida mwishoni mwa Machi au Aprili, kabla ya Mei ambao ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi Mombasa. Miche iliyopandwa wakati huo huwa na miezi mitatu ya kusambaza mizizi bila wewe kununua maji. Usidanganywe na mvua moja ya usiku; ngoja udongo ulowe hadi kina cha mkono.

Vuli ya Oktoba hadi Desemba inafaa pia, ila mvua zake ni chache na hazitabiriki, na nyuma yake kaskazi inangoja kwa miezi miwili ya ukavu. Atakayepanda vuli aweke akiba ya maji ya Januari na Februari tangu siku ya kwanza.

12. Nitachimbaje penye matumbawe?

Kosa la kawaida ni kuchonga mashimo madogo kwenye mwamba, moja kwa kila mche. Hapo umetengeneza safu ya vyungu vya mawe: mizizi huzunguka ndani, maji hutuama masika na kukauka kabisa kiangazi, na mwaka wa pili mimea husimama ilipofika. Chimba mtaro mmoja mrefu badala yake, upana wa sentimita 50 na kina cha 50, kwa sururu na mtarimbo. Mwamba ukikataa kwenye kina cha sentimita 20 au 30, toboa sakafu ya mtaro hapa na pale ili maji yapate njia, kisha uinue kingo kwa mawe yale yale uliyoyatoa hadi upate kina kinachotakiwa juu ya ardhi. Tuta la namna hiyo hupendeza na hukusaidia usilipe mkokoteni wa kuondoa kifusi.

Chini kabisa panga makumbi ya nazi yaliyolowekwa usiku kucha, yakitazama juu kama vikombe. Hushika unyevu kwa muda mrefu. Juu yake jaza udongo mwekundu sehemu mbili kwa samadi iliyooza sehemu moja, pamoja na udongo wa mahali hapo uliochekechwa mawe. Samadi mbichi huunguza mizizi: ukiishika na bado ina joto au harufu kali, iache. Usitumie mchanga wa baharini, wala kifusi cha saruji ambacho mafundi hupenda kukizika ili wasikibebe. Mwagia maji, uache juma moja udongo ushuke, uongeze, ndipo upande.

Kwa walio kwenye udongo wa mfinyanzi wa upande wa Changamwe, mtaro hugeuka bwawa. Wao wapande juu ya tuta lililoinuliwa sentimita 30 na kuchanganywa samadi na makapi.

13. Nitahitaji miche mingapi, na nipande kwa nafasi gani?

Mhina, duranta na haibiskasi hupandwa sentimita 40 kutoka shina hadi shina. Mvinje na mtandamboo sentimita 60 hadi 80. Bogenvilia mita moja au zaidi. Gawa urefu wa mstari kwa nafasi hiyo na uongeze mmoja. Kwa mfano, mita 24 za mhina kwa sentimita 40 ni miche 61, nami ningenunua 67 ili sita ikue pembeni ndani ya mifuko ikingoja kuziba mapengo. Mche wa kuzibia ulio na umri sawa na wenzake ni akiba ambayo wengi huikumbuka wakiwa wamechelewa.

Ukitaka ua mnene, panda mistari miwili inayopishana, ikiachana sentimita 40, na ndani ya kila mstari miche iachane sentimita 80. Idadi inabaki ile ile ya 61, lakini mtaro sasa uwe na upana wa sentimita 80.

14. Nianze na miche au vipande vya matawi? Na miche mikubwa ina faida?

Mhina, bogenvilia, haibiskasi na mnyaa hushika kwa vipande vya matawi. Kata tawi lenye unene wa penseli au zaidi, urefu wa sentimita 20 hadi 25, lichomeke nusu yake kivulini kwenye mchanga uliochanganywa na samadi, nawe utahamisha baada ya miezi miwili au mitatu. Cha mnyaa kiache siku chache kikauke utomvu kwanza. Mvinje na mwarobaini ununue miche.

Mche mkubwa wa mita moja na nusu huvutia macho, lakini mara nyingi umekaa mno kwenye mfuko na mizizi yake imejizungusha. Mche wa futi moja wenye afya kwa kawaida huupita ndani ya mwaka. Uchomoe mfuko wote kabla ya kupanda. Nimefukua mimea iliyokufa na kukuta fundi aliipanda na plastiki yake, chini amepasua kidogo tu kwa dhamiri.

## Maji na matunzo

15. Maji ya kisima yana chumvi. Yatafaa?

Inategemea umri wa mmea. Mvinje, bogenvilia na mhina uliokomaa huvumilia maji ya chumvi kidogo, ilhali miche ya karibu kila aina huteseka nayo. Kipimo cha nyumbani ni ulimi: maji usiyoweza kuyameza usiyape miche ya chini ya miezi sita. Ukiona utando mweupe juu ya udongo, chumvi imejikusanya. Hapo mwagia maji matamu mengi kwa mara moja ili yaisukume chini, au iachie masika kazi hiyo. Kunyunyiza kidogo kidogo kila siku ndiko kunakoikusanya.

16. Nimwagilie maji kiasi gani wakati mifereji imekauka?

Lita nne kwa mche, kila baada ya siku moja kwa majuma mawili ya kwanza, kisha mara mbili kwa juma hadi mwezi wa tatu, halafu mara moja kwa juma lakini kwa kina. Kwa ua wetu wa miche 61, kila zamu ni lita 244, yaani mitungi 12 ya lita 20 na kidogo juu. Piga hesabu hiyo kwa bei ya mkokoteni mtaani kwenu kabla ya kupanda nje ya msimu, na pengine utaamua kungoja.

Maji ya udhu, ya kuoshea mchele na ya mboga yanafaa kabisa; weka beseni na uyakusanye. Maji ya kufulia yenye jiki yasipelekwe. Tandaza majani makavu au makumbi yaliyokatwakatwa kwa unene wa sentimita 8, ukiyaacha mbali kidogo na shina ili mchwa wasipate daraja.

17. Nianze kupogoa lini? Naogopa kuurudisha nyuma.

Hofu hiyo ndiyo inayozalisha nyua zenye miguu mitupu. Mche wa mhina au duranta ukishashika, miezi miwili hivi baada ya kupandwa, ukate ubaki sentimita 25. Utaonekana ni unyama, lakini kila kikonyo kitatoa machipukizi mawili au matatu kutoka chini. Kila kinapoongezeka sentimita 20 hadi 30, kata nusu ya ongezeko hilo. Mvinje usiukate kwa namna hiyo; upunguze ncha tu na pande zake, kama ilivyoelezwa katika swali la 5.

Umbo liwe kama ndoo iliyopinduliwa kifudifudi: chini pana, juu pembamba kidogo, ili jua lifike kwenye matawi ya chini. Ua uliopanuka juu huyanyima mwanga ya chini nayo hufa. Wakati wa mvua tarajia kukata kila majuma matatu au manne. Kiangazi mara moja kwa miezi miwili inatosha. Mkasi uwe mkali, kwa sababu panga butu huchana tawi na kuacha jeraha la kuingilia maradhi.

18. Majani yamekuwa ya njano lakini mishipa imebaki kijani. Ni ugonjwa?

Mara nyingi ni njaa ya madini ya chuma. Matumbawe ni chokaa, na chokaa huyafunga madini hayo ardhini mmea usiyapate hata yakiwepo. Haibiskasi hulionyesha tatizo hili mapema. Samadi na mboji kila msimu hulipunguza, na dawa ya chuma ya kunyunyizia majani huleta nafuu ya haraka ingawa ya muda. Kama umepanda juu ya kifusi cha ujenzi, nafuu hiyo haitadumu.

19. Nimeona vidudu vyeupe kama pamba, na mtunza bustani anakataa kukata kwa sababu ya majimoto, wale chungu wa mtini wanaouma. Nifanyeje?

Mambo hayo mawili yanahusiana. Vidudu vile hunyonya utomvu na kutoa majimaji matamu, na chungu huyafuata majimaji hayo na kuwalinda wanaoyatoa. Kwenye majimaji hayo huota ukungu mweusi kama masizi. Kata matawi yaliyojaa, uyachome au uyafukie, kisha unyunyize maji ya sabuni ya kipande jioni, chini ya majani hasa, na kurudia kila baada ya siku tano kwa muda wa majuma matatu.

Majimoto wenyewe hushona majani kuwa viota, nao huwala wadudu wengi waharibifu, kwa hiyo sipendi kuwaangamiza. Kata kwanza tawi lenye kiota kwa mkasi wa mpini mrefu, alfajiri kukiwa na ubaridi, lianguke mbali, ndipo fundi aendelee na kazi.

## Hali zisizo za kawaida

20. Nipande kwenye mpaka kabisa au ndani yake?

Ndani, angalau sentimita 75 kutoka kwenye mstari unaounganisha mawe ya mpaka, ili uweze kukata upande wa nje bila kuomba ruhusa na ua unenepe bila kuhamia kwa jirani. Yatafute mawe hayo kwanza, na kama hayaonekani mwite mpimaji, kwani kung'oa au kuharibu alama ya mpaka ni kosa kisheria. Kisha mwambie jirani kabla ya kuchimba. Mkikubaliana ua uwe wa wote wawili, andikeni nani atakata nini, kwa kuwa nyumba huuzwa na mwenye nyumba mpya hakuwepo mlipokunywa kahawa. Chini ya nyaya za umeme chagua mmea usiopita mita mbili na nusu, wala si mvinje.

21. Ua huleta nyoka na mbu?

Nyoka hufuata panya na kuku, na panya hufuata takataka zilizorundikwa chini ya ua. Fagia mashina na uondoe matawi yaliyokatwa siku hiyo hiyo. Mbu hupumzika kwenye kivuli cha majani lakini huzaliana kwenye maji yaliyotuama. Mji uliokwisha kuonja dengi una haki ya kukagua kila kopo, kifuu na tairi lililosahauliwa nyuma ya ua.

22. Nimepanga nyumba na uwanja wa nyuma una sakafu ya saruji. Naweza?

Unaweza, kwa mapipa yaliyokatwa nusu na kutobolewa chini. Bogenvilia na mhina huvumilia maisha hayo kwa miaka kadhaa, ila maji yake ni ya kila siku kiangazi. Mvinje hauvumilii.

23. Nimenunua nyumba yenye ua wa zamani uliokuwa mti. Niukate au niung'oe?

Kwaruza shina kwa ukucha karibu na ardhi. Chini ya gome kukiwa kijani, na mti ukiwa mhina, duranta, bogenvilia au haibiskasi, ukate hadi sentimita 30 mvua za masika zikianza, uuwekee samadi, nao utachipua. Kama unahofia kubaki wazi, kata upande mmoja mwaka huu na wa pili mwaka ujao. Mvinje uliozeeka hautarudi: uza nguzo zake, kwani daima zina mnunuzi, acha visiki vioze, na uchimbe mtaro mpya mita moja kando.